Mtu Aliyeifunza Stima Kuvuta Gari: Maisha ya Frank Sprague

Najua umezoea kukuta katika kurasa hizi maisha ya washairi, waandishi na wapigania uhuru. Mwaka huu naomba ruhusa nikate kona kidogo. Nataka nikusimulie habari za fundi mmoja wa Marekani ambaye hata mimi jina lake sikulijua mpaka muhula wa pili. Usinuse pua ukadhani ni somo la fizikia limevaa kanzu ya Kiswahili. Keti, nikueleze chanzo chake.

Ilikuwa Jumamosi jioni, na kesho yake ilikuwa siku ya wazazi. Kila mtu bwenini alitaka shati lililonyooka. Pasi ya kwanza ikachomekwa, ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja maana tungali tunalala bweni moja, akatumbukiza koili ya kuchemshia maji ndani ya ndoo. Taa zikafifia kama macho ya mgonjwa. Halafu, pa! Giza totoro. Bweni zima likapiga mayowe. Mwalimu wa zamu alipofika na tochi, ndoo ilikuwa imeshafichwa lakini mvuke wake ulikuwa unatusaliti. Kesho yake tuliwapokea wazazi wetu na mashati yenye makunyanzi.

Jumatatu nilimwendea mwalimu wa fizikia nikamuuliza kwa nini taa zilififia kwanza kabla ya kuzimika. Akanieleza kwamba kuna mtu aliyekesha usiku mmoja zaidi ya miaka mia moja iliyopita kwa sababu ya jambo hilo hilo, ila yeye hakuwa na pasi tatu. Alikuwa na magari 22 ya abiria juu ya waya mmoja, na mali yake yote ilikuwa imening'inia juu ya waya huo huo. Basi hapo ndipo nilipoanza kuchimba.

Frank Julian Sprague alizaliwa tarehe 25 Julai 1857 katika mji wa Milford, jimbo la Connecticut. Hakufaidi malezi ya mama kwa muda mrefu. Mamaye aliaga dunia mwaka 1866, naye Frank alikuwa na miaka minane tu. Akapelekwa kulelewa na shangazi yake huko North Adams, jimbo la Massachusetts. Shangazi huyo alikuwa mwalimu, na nadhani wale miongoni mwetu waliolelewa na mwalimu wanajua maana yake: hapakuwa na mchezo na vitabu. Kijana akaibuka hodari wa hesabu.

Alipokua alitaka kujiunga na chuo cha jeshi la nchi kavu. Akafunga safari kwenda kufanya mtihani, na kumbe mtihani uliokuwa ukifanywa ni wa chuo cha jeshi la majini! Wewe ungefanyaje? Yeye hakurudi nyumbani kulia. Aliketi, akaufanya, akaongoza. Mwaka 1878 alihitimu katika chuo cha wanamaji cha Annapolis, akaanza kusafiri na manowari. Hata melini hakutulia. Mwaka 1881 alitengeneza mfumo wa kengele za umeme katika manowari iliyoitwa Lancaster.

Mwaka 1882 Sprague alitumwa London kwenye maonyesho makubwa ya vyombo vya umeme. Huko alikuwa akipanda reli ya chini ya ardhi. Siku hizo magari hayo yalivutwa na injini za mvuke zinazochoma makaa. Hebu fikiria moshi wa makaa ndani ya handaki! Abiria walikohoa njia nzima, macho yakiwachoma. Sprague akajiuliza kwa nini gari lisivutwe na mota ya umeme. Swali hilo halikumtoka tena kichwani.

Si kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuota ndoto hiyo. Werner von Siemens, Mjerumani, alikwisha kuonyesha gari dogo la umeme mjini Berlin mwaka 1879. Lakini kuonyesha ni jambo moja, na kubeba watu wa mji mzima kila siku, mvua na jua, milima na mabonde, ni jambo lingine kabisa.

Mwaka 1883 aliacha kazi ya jeshi akaenda kufanya kazi kwa Thomas Edison, yule ambaye jina lake linajulikana mpaka darasa la nne. Edison alikuwa bingwa wa kujaribu na kujaribu. Alipotaka kujua nyaya za mji ziwe nene kiasi gani, wafanyakazi wake walitengeneza mfano mdogo wa mji mzima na kupima. Sprague akaleta kalamu na karatasi. Kwa hesabu tu aliweza kupata majibu yaliyokuwa yakichukua kazi ya siku nyingi. Lakini moyo wake haukuwa kwenye taa, ulikuwa kwenye mota. Mwaka 1884 akaaga, akaanzisha kampuni yake mwenyewe.

Mwanzo wake ulikuwa wa kuchekesha na kusikitisha pamoja. Jijini New York palikuwa na reli zilizopita juu ya barabara kwenye nguzo, nazo zilivutwa na injini za mvuke. Sprague alitaka kuwashawishi wenye reli hizo watumie umeme. Siku moja tajiri Jay Gould, aliyekuwa na usemi mkubwa katika reli hizo, alikuja kuona majaribio. Mzee akasimama karibu na fyuzi. Gari likaondolewa kwa pupa, fyuzi ikalipuka na cheche kubwa, naye Gould akataka kuruka nje ya gari! Biashara ikaishia hapo. Niliposoma hayo nilikumbuka bweni letu, nikacheka peke yangu. Kumbe hata wakubwa hukimbia fyuzi.

Lakini usidhani miaka hiyo ilipotea bure. Kufikia mwaka 1886 alikuwa na mota iliyokwenda kwa mwendo sawa hata mzigo ukibadilika. Zaidi ya hayo, alikuwa amefanya jambo ambalo hadi leo ndilo uti wa mgongo wa kubana matumizi ya umeme kwenye reli. Gari likiwa linateremka au linapunguza mwendo, magurudumu huizungusha mota. Mota ikizungushwa hugeuka dainamo. Basi badala ya kupoteza nguvu zile katika breki za chuma kusugua chuma, Sprague alizirudisha kwenye waya zikatumiwe na gari lingine. Ni kama mtu anayeteremka mlima akimvuta kwa kamba mwenzake anayepanda.

Sasa tufike Richmond, mji wa jimbo la Virginia, mahali ambapo mtu huyu aliponea chupuchupu. Mwezi wa Mei 1887 Sprague alitia sahihi mkataba ambao mtu mwenye akili timamu angeukimbia. Aliahidi kujenga, kwa siku 90, kituo cha kufua umeme, nyaya za juu za njia ya maili 12, na magari 40 yenye mota 80. Malipo yalikuwa dola 110,000, na hayo yangelipwa tu ikiwa kazi imeridhisha. Wakati huo alikuwa na michoro tu. Vitu vingi alivyoahidi vilikuwa havijabuniwa bado!

Kabla kazi haijashika kasi, homa ya matumbo ikamwangusha. Alilala wiki nyingi huku wasaidizi wake wakihangaika. Alipoinuka na kwenda kuiona njia yenyewe, alishika tama. Reli zilikuwa zimetandikwa ovyo juu ya udongo mwekundu unaogeuka matope mvua ikinyesha, na vilima vilikuwa vikali mno. Mahali pengine njia ilipanda futi 10 kwa kila futi 100. Hakuna aliyekuwa amelipandisha gari la umeme mahali kama hapo.

Usiku mmoja akaamua kujaribu. Gari likapanda kilima cha kwanza, likapanda cha pili, watu wakatoka majumbani kushangilia. Lakini wapi! Walipofika juu, mota ikaungua. Umati ulikuwa umelizunguka gari. Sprague hakutaka aibu. Alimtuma msaidizi wake kwa sauti iliyosikika na wote akalete vifaa vya kupimia. Kisha akazima taa, akajilaza kwenye kiti akingoja. Watu wakachoka, wakaenda kulala. Ndipo vifaa vikafika: nyumbu wanne wenye nguvu, waliolivuta gari la umeme kulirudisha nyumbani gizani.

Mwingine angejiuzulu asubuhi. Yeye alizirekebisha mota zake. Alizifunga chini ya gari, upande mmoja ukishikwa na ekseli na upande wa pili ukining'inia juu ya springi, ili mtikisiko wa reli mbovu usizivunje meno. Akaweka juu ya paa mti wenye kigurudumu kinachobonyeza waya kutoka chini. Siku 90 zilipita, akaomba muda zaidi, masharti yakabadilishwa akapunguziwa malipo. Tarehe 2 Februari 1888 magari yakaanza kubeba abiria rasmi. Hata baada ya hapo matatizo hayakwisha. Mota ziliharibika kila siku, na mafundi walilala karakana. Hesabu ilipofungwa, Sprague alikuwa amepata hasara ya kama dola 75,000. Kwa pesa za siku hizo, hiyo si mchezo.

Hapa ndipo usiku ule alionisimulia mwalimu wangu unapoingia. Katika kiangazi cha mwaka 1888 alifika Henry Whitney, mkuu wa kampuni kubwa ya magari ya abiria ya Boston. Kampuni hiyo ilikuwa na maelfu ya farasi na ilitaka kuwaacha. Meneja wake hakuuamini umeme. Hoja yake ilikuwa nzito. Magari yakitawanyika njiani, sawa, waya unatosha. Je, yakisongamana mahali pamoja kama baada ya moto au mvua kubwa, yote yakitaka kuondoka kwa wakati mmoja? Si stima itakatika?

Sprague hakubishana. Usiku, wageni walipokuwa wamelala, alikusanya magari 22 na kuyapanga mstari mmoja mwisho wa njia, kwenye kipande ambacho nyaya zake zilikusudiwa kubeba magari manne tu. Akamwagiza mtu wa kituo cha umeme apandishe umeme kutoka volti 450 hadi 500, azikaze fyuzi zisiachie, na aushikilie umeme huo liwalo na liwe. Kisha akaenda kumwamsha Whitney.

Mpenzi msomaji, jiweke mahali pake. Hasara umekwisha kuipata. Mteja mkubwa kuliko wote amesimama mbele yako usiku wa manane. Ukishindwa, hakuna wa kukukopesha hata senti. Sprague akapunga taa. Gari la kwanza likaondoka. La pili likafuata mara tu lilipopata nafasi, na la tatu, na la nne. Taa za magari zikafifia, zikafifia, mpaka zikawa kama makaa yanayozimika. Volti zilikuwa zimeshuka hadi karibu 200. Lakini magari yalisonga! Polepole, kama mzee anayepanda ngazi, yalisonga. Yale ya mbele yalipokwenda mbali na kutawanyika, taa zikaanza kung'aa tena. Magari yote 22 yakapotea gizani bila hata moja kukwama. Whitney akachagua umeme. Mwaka uliofuata, karibu reli 110 zilikuwa zimejengwa au zilikuwa zinajengwa kwa vifaa vya Sprague.

Sasa nielezee kisa cha taa kufifia. Kila waya una ukinzani wake, yaani huupinga umeme kidogo unapopita. Mkondo ukiwa mdogo, volti zinazopotea njiani ni chache. Magari mengi yakivuta kwa pamoja, mkondo huwa mkubwa, volti nyingi humezwa na waya, na zinazofika mwisho hubaki kidogo. Ndiyo sababu mtu anayeendesha umeme wa reli hawezi kutazama kituo chake tu. Lazima ajue magari yako wapi, mangapi yanaondoka, mangapi yanasimama. Umeme wa reli ni mzigo unaotembea.

Utadhani baada ya ushindi ule jina la Sprague liliandikwa kwa dhahabu. Wapi! Mwaka 1890 kampuni yake ilimezwa na kampuni kubwa iliyobeba jina la Edison, na jina lake likaanza kufutwa kwenye mashine alizozibuni mwenyewe. Aliumia, akajiuzulu. Mimi nikifanyiwa hivyo sijui kama ningeshika bisibisi tena. Yeye aligeukia lifti za majumba marefu. Kampuni yake mpya ilitengeneza lifti zaidi ya 500, kisha akaiuza mwaka 1895.

Lifti hizo ndizo zilizomzalia wazo kubwa kuliko yote. Alikuwa na lifti kadhaa katika jumba moja, naye akaona kwamba anaweza kuziongoza zote kutoka mahali pamoja kwa swichi ndogo. Akajiuliza: je, magari ya reli nayo? Wakati huo gari la moshi lilikuwa na injini moja mbele inayovuta mabehewa yote kama punda. Sprague alisema la. Kila behewa liwe na mota zake, na waya mwembamba upite kutoka behewa hadi behewa. Dereva wa mbele akigeuza mkono wa swichi, umeme mdogo unapita katika waya ule na kuziamuru swichi kubwa za kila behewa zifungue au zifunge. Fikiria matatu kumi zimeshikana, kila moja na injini yake, na zote zinamtii dereva mmoja wa mbele, zikiondoka pamoja na kusimama pamoja. (Makanga kumi ni tatizo lingine.)

Mwaka 1897 kampuni ya reli ya juu ya South Side mjini Chicago ilimpa kazi ya magari 120, lakini kwa sharti kwamba aweke dhamana ya dola 100,000. Akaweka. Mnamo Julai mwaka huo, katika majaribio huko Schenectady, garimoshi la mabehewa sita liliendeshwa na mwanawe Desmond, mtoto wa miaka 10. Aliyekuwa na shaka akaiacha hapo hapo. Mwaka 1898 injini za mvuke zilikwisha kuondolewa katika reli ile. Mtindo huo wa mabehewa yenye mota ndio unaotumika hadi leo katika reli za mijini duniani kote.

Umeme ulikuja pia kuwa suala la uhai. Tarehe 8 Januari 1902 magarimoshi mawili yaligongana katika handaki la Park Avenue, New York, kwa kuwa dereva hakuiona ishara ndani ya moshi na mvuke. Watu 15 walikufa. Sheria ikapitishwa kupiga marufuku injini za mvuke huko, na Sprague akaitwa katika jopo la wahandisi. Yeye na William Wilgus walibuni reli ya tatu inayobeba umeme ikiwa imefunikwa juu, ili barafu isiizibe na mfanyakazi asiikanyage kwa bahati mbaya.

Mwaka 1910 wahandisi wa umeme wa Marekani walimtunukia nishani yao ya juu kabisa. Nishani hiyo inaitwaje? Nishani ya Edison! Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatikisa kichwa. Frank Sprague alifariki tarehe 25 Oktoba 1934 akiwa na umri wa miaka 77, akazikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington kama mwanamaji.

Ukienda leo katika chumba cha udhibiti cha reli ya umeme, utakuta watu wameketi mbele ya skrini. Kutoka hapo huona kila kituo kidogo cha umeme kando ya njia, volti zake na mkondo wake. Waya ukikatika mahali, hukitenga kipande hicho kwa kubonyeza tu na kupitisha umeme njia nyingine. Hupanga saa za kuondoka ili magari mengi yasivute kwa dakika moja, na ili gari linalofunga breki limpatie umeme jirani yake anayeondoka, kwa maana umeme uliorudishwa ukikosa mlaji hupotea bure kama joto. Yote hayo ni mambo ya Sprague: hesabu ya karatasi kabla ya waya, umeme mdogo kuuamuru umeme mkubwa, na breki inayorudisha nguvu.

Nayo si mambo ya ng'ambo tu. Reli yetu mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilianza kwa injini za dizeli. Lakini majirani zetu Tanzania mwaka 2024 walianza kubeba abiria kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Siku yetu ikifika, watahitajika vijana wa kuketi katika vyumba hivyo. Kwa nini wasitoke hapa shuleni?

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Sprague alivumilia homa, hasara, nyumbu wanne na kunyang'anywa jina. Lakini somo nililolichukua mimi ni dogo zaidi. Bwenini kwetu sasa pana karatasi ukutani: zamu ya pasi, mtu mmoja kwa wakati mmoja, dakika 10 kila mtu, na koili ni marufuku. Tangu tuibandike, taa hazijazimika Jumamosi hata moja. Mwenye ndoo ndiye aliyeteuliwa kuwa msimamizi wa zamu, na hana huruma hata kidogo.

Nakomea hapo, tuonane toleo lijalo Mungu akipenda.